Maziwa ya Promo

Kuna neno moja ambalo sitaki kulisikia tena hapa Lubumbashi, na kila mlango wa duka umelibandika: promo. Promo ya mchele, promo ya mafuta, promo ya sabuni. Mtu akilitamka karibu yangu, naondoka. Walimu wenzangu shuleni wanadhani ni kiburi, kwamba naona aibu kununua vitu vya bei ya chini. Waache wadhani. Kiburi nitakitoa wapi, mimi ambaye kikwembe changu cha kanisani ndicho cha sokoni na ndicho cha kilio?

Duka lenyewe liko kwenye njia ya Luano, ukienda uwanja wa ndege. Sisi tunasema magazini, lakini ni hangari tu ya mabati, na ndani hakuna hata rafu za maana. Vitu vinamwagwa chini juu ya maturubai na ndani ya mabeseni: makopo yaliyobonyea, mifuko ya unga iliyochanika ikashonwa tena, biskuti zilizovunjika, chupa za mafuta zilizopoteza karatasi zao. Vyote vimetoka Zambia na Afrika Kusini, na vyote vilikataliwa na wenye pesa huko vilikopita. Hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Unainama, unachagua, unalipa, unabeba kichwani.

Mama yangu alipapenda mahali pale kupita kanisa. Alikuwa anaamka, anajifunga kitambaa, anatembea kutoka Katuba, mtaani kwetu, hadi kule kwa miguu, kwa sababu ukipanda gari basi faida ya promo imekwenda kwa dereva. Akirudi, anaweka mzigo chini katikati ya uwanja na kuanza kutoa kitu kimoja kimoja, akisema bei yake ya pale na bei yake ya mjini, na majirani wanasimama kumsikiliza. Walimwita balozi wa promo. Walikuwa wanamtania, "Mama, siku moja utatuletea bwana wa promo, amebonyea upande moja." Naye anajibu, "Aka! Bwana ya kubonyea niko naye tangu zamani, muko munamuona pale ku ukuta." Alikuwa anaonyesha picha ya marehemu baba. Tulicheka, Mungu wangu. Tulikuwa na vicheko nyumbani kwetu wakati ule.

Halafu mdogo wangu akafa akijifungua. Mvua zilikuwa zinakwisha. Aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake, akatoka amefunikwa, na mtoto akatoka mzima, wa kiume, kichwa kizima nywele. Baba yake mtoto anachimba mawe huko Kambove. Alikuja kwenye kilio, akampakata mtoto mara moja kama mtu anayeshika kitu cha wenyewe, akarudi kwenye mashimo yake. Alituma kitu kidogo mara moja. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Mtoto akabaki na mama. Mama alimlaza kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, kama yeye ndiye aliyemzaa. Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alitusaidia siku za mwanzo, mpaka mume wake akakataza; alisema maziwa ya mke wake hayatoshi matumbo mawili. Simlaumu. Kopo la kwanza la maziwa ya watoto tulilinunua kwa michango ya kilio cha mama yake. Maziwa hayo, kwenye farmasi, yanafungiwa ndani ya kabati la vioo, na ufunguo anao mwenye farmasi mwenyewe. Mtoto alilimaliza kopo kabla hatujazoea kuliona mezani. La pili tulilinunua kwa kuuza cherehani ya marehemu mdogo wangu. La tatu hatukujua tutalitoa wapi. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, tuuache, leo sina nguvu za kucheka.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: maji yametufika shingoni, na mtoto analia njaa, na uji bado hauwezi. Siku hiyo mama alirudi kutoka njia ya Luano akiimba. Aliimba barabarani, mjane, kilio cha binti yake hakijapoa, watu wanamwangalia. Aliingia uwanjani hata bila kushusha mzigo.

"Kuya uone! Mungu haiko ya batajiri tu!"

Alitoa mifuko ya rangi ya fedha, mikubwa, mizito, inang'aa. Hakukuwa na picha wala jina juu yake. Alinieleza kwamba makatoni yake yalilowa mvua, yakatupwa, na mifuko ikamwagwa peke yake ndani ya beseni. Ndiyo maana bei ilikuwa ya kuokota. Kila mfuko ulikuwa na maandishi ya wino wa zambarau kwenye mshono tu, herufi mbili na namba. BB, halafu 06, halafu namba nyingine.

"Soma, weye mwalimu," mama aliniambia, anacheka. "Soma, basikie majirani."

Nikasoma. Sisi tuliokaa mbele ya ubao wa Kifaransa, herufi hizo mbili ukizitamka tu zimeshakuwa mtoto: bébé. Hata kwenye simu zetu hatuandiki kwa njia nyingine. BB amefika. BB analala. BB na mama yake wako salama. Ujumbe wa kuzaliwa kwa huyu huyu mtoto niliuandika mimi, na niliandika BB, kisha nikakosa maneno ya kuongeza.

"Na sita ile?" jirani mmoja aliuliza.

"Njo myezi," mama akajibu, yaani ndiyo miezi. "Kutoka kuzaliwa mpaka myezi sita. Kiisha pale anakula bukari yake kama bantu bote."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Tulifungua mfuko mmoja. Ulikuwa unga mweupe, laini, unanukia utamu, na ulipotiwa maji ya moto uliyeyuka wote bila kuacha bonge. Maziwa ya farmasi yalikuwa yanaacha mabonge. Mtoto alikunywa chupa nzima, akalala. Mama alipiga magoti palepale kwenye saruji akamshukuru Mungu, na mimi nilipiga magoti pembeni yake.

Nataka nieleze vizuri jinsi furaha ilivyokuwa, maana bila hiyo mtu ataona tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa watu waliopata. Mtoto aliacha kulia. Alikuwa ananyamaza mchana kutwa, macho wazi, na mama anasema ameshiba, mtoto mwenye kushiba halii. Halafu mashavu yake yakajaa. Halafu mikono, halafu miguu, ikawa ya mviringo kama mikate midogo. Mama alikuwa anawaita watu njiani waje waone hiyo miguu. "Maziwa ya bébé," anasema, "ya promo!" Na wanawake wa mtaa wanashika kidole cha mtoto, wanasema huyu atakuwa mnene kama kambo yake, yaani bibi yake.

Siku ya kupima uzito, kwenye kituo, muuguzi alimtazama mtoto, akauliza anakunywa nini. Mama akajibu, "Maziwa ya bébé." Muuguzi akaandika, akasema muendelee hivyo. Foleni ilikuwa ndefu, na mama alikuwa amejibu kwa sauti ya mtu anayejua. Tukaendelea.

Baridi ikaingia. Wageni hawaamini kwamba Lubumbashi kuna baridi, lakini asubuhi za wakati ule unatoa moshi mdomoni, na watu wanakaa wamezunguka mbabula za makaa mpaka jua lipande. Nywele za mtoto, zile nyeusi alizozaliwa nazo, zikaanza kuwa nyekundu na kung'oka kwenye kitambaa. Mama alisema ni baridi. Ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka. Mama alisema ni sabuni, akabadilisha sabuni. Ukimbonyeza mguu, kidole chako kinaacha shimo, na shimo linachelewa kufunga. Nilimwonyesha mama shimo hilo. Alilipapasa kwa kidole chake mpaka likafunga, halafu akasema tumwongezee maziwa.

Tukamwongezea. Alikwenda tena njia ya Luano akarudi na mifuko mingine, akaipanga chini ya kitanda, na kijiko kimoja kikawa viwili. Sijawahi kuona mtu akimpigania mtoto namna ile. Yeye mwenyewe alikuwa anakula mara moja kwa siku, sombe ya majani ya muhogo na bukari, ugali wetu, baridi, na sukari hakuigusa ili pesa ibaki ya mifuko ile. Kila kilichookolewa kwenye promo kilirudi kwenye promo.

Mtoto akaanza kuhara, halafu akakataa chupa. Mama alimfunga mgongoni akamfunika kwa blanketi, akatoka naye kwenda kituoni, na mimi nikamfuata na mfuko wa nguo. Jua lilikuwa limeshapanda. Njiani alikuwa anaongea naye bila kupumzika, anamwambia twende, twende, tumefika, uone ule mti, uone ile nyumba ya buluu. Tulipofika kituoni, alifungua kikwembe, akamshusha, akamwangalia, akamrudisha mgongoni akajifunga tena, akageuka kurudi nyumbani. Mimi nilisimama pale mlangoni na mfuko wa nguo za mtoto. Muuguzi aliponiuliza ninataka nini, nilimwonyesha ule mfuko.

Kilio cha mtoto mchanga hakiwi kikubwa kwa kawaida. Hiki kilikuwa kikubwa, kwa sababu watu waliona mama yangu amezika mara mbili katika mwaka mmoja. Wanaume walikaa nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka, na watu wakikaa wanatakiwa kula. Wazee wa mtaa walikusanya kidogo, wakanipa mimi, wakaniambia niende nikatafute chumvi, mafuta na samaki za kulisha watu. Hawakuniambia niende wapi. Kwa pesa ile mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu, promo.

Mimi kule sikuwa nimekwenda hata siku moja. Mama ndiye alikuwa mwenda promo, mimi nilikuwa na darasa. Niliingia ndani ya hangari, nikainama kama wengine, nikachagua samaki wa makopo na mafuta. Pembeni kulikuwa na beseni la chupa za pilipili. Nikachukua moja, maana watu wa kilio wanapenda pilipili, nikaigeuza. Chini kulikuwa na wino wa zambarau. BB, na namba.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa ameinama karibu yangu aliinua kichwa. Pilipili ya bébé! Nikasema nitakwenda nimwambie mama, labda atatabasamu.

Halafu nikaangalia kopo la samaki nililolishika mkono mwingine. BB.

Nikaweka vyote chini. Nikaenda kwenye makopo ya nyanya, nikageuza moja, BB. Mchuzi wa kutia kwenye nyama, BB. Biskuti, BB. Namba zilikuwa zinabadilika, 06, 07, 09, 11, hakuna iliyopita 12. Kwenye katoni moja ya biskuti maneno yalikuwa yameandikwa kwa ukamilifu, Best Before kwa Kiingereza, B na B, na Kifaransa chini yake, na Kifaransa nakijua, ndicho ninachofundishia. Ilisema: itumike kabla ya. Tarehe. Kumbe ni tarehe ya kitu kuisha, na namba ya mbele ni mwezi. Sita ya mifuko yetu ilikuwa Juni, na Juni ilikuwa imeshapita.

Ningeishia hapo ningekuwa na bahati. Lakini nikaitafuta mifuko ya rangi ya fedha, nikaikuta ndani ya beseni lake, na nyuma ya beseni kulikuwa na katoni moja ambayo haikulowa. Juu yake kulikuwa na picha ya kikombe cha kawa, yaani kahawa, kinachotoa mvuke. Nikasoma herufi ndogo za Kifaransa. Mafuta ya mimea, sukari, na dawa za kufanya kawa iwe nyeupe. Nilitafuta neno maziwa pande zote za katoni ile. Halikuwepo.

Nilikaa juu ya gunia la unga. Watu walinipita. Wenye Kiswahili cha vitabu wanasema majuto ni mjukuu, yanakuja mwisho. Kwetu mjukuu alikuja kwanza, akaondoka, ndipo majuto yakaingia. Hakuna kitu hapa duniani kilichonikasirisha kama ile picha ya kikombe. Kikombe kizuri, na kijiko chake pembeni, na maharage ya kawa yamemwagwa kama shanga. Kuna watu mahali fulani wanaoweka kitu hiki ndani ya kawa yao asubuhi, na sisi tulikuwa tunamlisha mtoto, tunamwongezea, tunapiga magoti. Nilitaka kuichana ile katoni. Sikuichana. Nililipia samaki, chumvi na mafuta, nikabeba kichwani, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri kula. Pilipili sikununua.

Njiani nilipiga moyo konde. Nilisema hili litakufa na mimi. Mama amebakiwa na kitu kimoja tu, na nilikuwa nimekisikia tangu siku ya kwanza ya kilio. Kwetu, kila mgeni akiingia na kulia na kukaa, mwenye msiba anamweleza kifo kilivyokuwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, na akiingia mwingine anaanza upya. Mama alikuwa ameeleza mpaka sauti imekauka, na kila alipoeleza alifika mahali palepale, akainua kichwa kidogo: "Lakini hakukufa na njaa. Hapana. Maziwa ya bébé alikunywa, ya muzuri, mpaka mwisho." Na wanawake wanaitikia, kweli, kweli. Alikuwa anasimamia sentensi ile. Ukiiondoa, anaanguka. Nani angemwondolea? Si mimi niliyetoka tumboni mwake.

Nilifika, nikakabidhi samaki jikoni, nikaingia ndani, nikakaa karibu naye. Wageni wapya waliingia, wakalia, wakakaa. Mama akaanza. Hospitali, binti yake, mtoto mwenye nywele, mashavu, baridi, njia ya kwenda kituoni. Akafika mahali pake, akainua kichwa. "Hakukufa na njaa."

Nyuma kabisa kulikuwa na mwanamke kijana, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amejifungua karibuni, na mtoto wake alikuwa amefungwa mgongoni, analia kile kilio kidogo cha njaa ambacho sisi nyumbani tulikuwa tunakijua vizuri. Aliuliza kwa aibu:

"Mama, musinisikie mubaya. Ile maziwa, mulikuwa munauza wapi? Miye maziwa yangu imekauka."

Kwetu kuuza ndiyo kununua. Watu wa Tanzania wanatucheka, wacheke. Mama alimwelewa. Na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ile ya kituoni: mgongo wa mama ulinyooka. Aliinuka kwenye mkeka yeye mwenyewe, hakuna aliyemshika. Aliingia chumbani, akarudi na mifuko iliyobaki chini ya kitanda, ya fedha, inang'aa, akapita katikati ya miguu ya watu, akamwekea yule mwanamke kwenye mapaja.

"Shika, mwanangu. Usilipe. Huyu wangu hatakunywa tena, wako akunywe. Ikiisha, nitakupeleka ku promo miye mwenyewe. Unaona hapa? BB. Njo bébé."

Yule mwanamke alianza kulia kwa kushukuru. Akamgeuza mtoto wake kutoka mgongoni, akamweka mbele, karibu na mifuko.

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa anatafuta kwa mdomo, anauma kona ya kikwembe.

"Mama, acha," nilisema.

Mama aligeuka.

"Haiko ya bébé, mama. Nimetoka kule. BB iko hata ku pilipili. Iko hata ku samaki. Ni tarehe, mama. Na yenyewe haiko maziwa. Ni ya kutia mu kawa." Nilisema haraka, kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nikaongeza, "Hata miye nilisoma bébé. Sote tulisoma bébé."

Nje wanaume walikuwa wanaongea habari za mpira. Yule mwanamke aliinua mfuko mmoja kutoka mapajani, akauweka chini kwenye mkeka, halafu wa pili, taratibu, bila kumwangalia mama, akamkumbatia mtoto wake.

Mama alibaki amesimama katikati ya watu. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa mbele, kama mtu anayetoa. Mwanamke mmoja mtu mzima, rafiki yake wa kanisani, alimshika kikwembe akamvuta akae.

"Kaa, mama. Usisikilize. Ni Mungu njo alipenda. Mungu njo alimubeba."

"Hapana," mama alisema. "Mungu haendake ku promo. Njo miye nilikuwa naenda."